Ndoo ya Masizi

Kama unataka mtu mpole wa kukusimulia habari hii, mtafute mwingine. Mimi Joha binti Abubakari, mzaliwa wa Kondoa, nina mdomo. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshaanza kugombana na mkunga. Mdomo huo umenitia matatani mara nyingi na mara nyingi nikajitoa, lakini safari hii yalinitoka maneno matatu tu, wala sikuyafikiria, na mpaka leo nayabeba.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Niko kwenye kituo cha kufua umeme kwa mafuta mazito, upande wa Chamwino, mitambo minne na mabomba mawili ya moshi. Kampuni yetu ina vituo saba vya namna hiyo, na kila mwaka makao makuu wanavipanga kwenye jedwali moja, wa kwanza hadi wa saba. Wanaangalia mambo mawili. La kwanza ni kazi: uniti moja ya umeme imekula mafuta kiasi gani, mitambo imelala saa ngapi kwa ubovu. La pili ni uchafu: moshi kiasi gani, masizi kiasi gani, maji yenye mafuta yameishia wapi. Ukifua umeme mwingi kwa mafuta machache na uchafu kidogo, uko juu. Ukichoma mafuta ovyo na kuwamwagia watu masizi, uko mkiani, na meneja wako anaitwa kujieleza.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye habari. Mwaka tulioanza kupima masizi, kampuni iliagiza vichujio vya kufunga kwenye mabomba ya moshi, ili masizi yabaki humo humo yasitoke nje. Vilivyokuja vilitosha vituo viwili tu. Makao makuu wakasema vitakwenda kwa vituo viwili vitakavyoonekana vina masizi mengi kuliko vyote, baada ya mwaka mmoja wa vipimo. Kwa hiyo karatasi zangu mimi, Joha, ndizo zilizokuwa zinaamua kama watu wanaoishi upande unaokwenda moshi wetu watavuta hewa au watavuta masizi.

Kwenye bomba lenyewe palifungwa kifaa cha kupima moshi unavyotoka. Kilifanya kazi miezi miwili, kikafa, na vipuri vyake mpaka leo viko njiani. Kwa hiyo tukabaki na ndoo. Usicheke. Ni njia ya zamani lakini ni ya kweli: unaweka ndoo nyeupe wazi juu ya kichanja cha chuma, na maji ya kimo cha kidole chini yake ili upepo usipeperushe kilichoingia. Inakaa siku thelathini. Kisha unaichukua, unakausha, unapima uzito wa kilichobaki. Kilichobaki ndicho kilichoanguka kutoka angani. Tulikuwa na ndoo tatu. Ya getini na ya shuleni zilikuwa za kulinganishia tu. Ndoo yenyewe hasa ilikuwa ile ya magharibi, kwenye kijiji cha Msanjile, kwa sababu upepo wa huku kwetu karibu mwaka mzima unatoka mashariki, na moshi wetu unakwenda huko.

Niliichagua nyumba ya mama mmoja mjane, Penina Matonya, kwa kuwa ilikuwa ya mwisho kijijini na hakukuwa na miti ya kuzuia upepo. Watoto wake walishaondoka, na binti yake mmoja, Loisi, alikuwa anauza nafaka Majengo mjini, hivyo kila mtu alimwita Mama Loisi. Mwanamke mrefu, mwembamba, anacheka kwanza ndipo anaongea. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kimechanganyika na Kigogo, lakini tulielewana vizuri. Siku ya kwanza nilimsalimia "mbukwa" kwa lafudhi yangu ya Kondoa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Loisi," nikamwambia, "naomba unitunzie chombo changu. Kuku wasikiguse, mbuzi wasikiguse. Maji yakipungua, ongeza kidogo. Nitakuja kukichukua Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi na kukuwekea kingine."

"Chombo cha nini, mwanangu?"

Hapo ndipo ningesema. Ningesema: mama, hiki ni cha kukamata masizi yanayotoka kwetu, tujue mnavuta nini. Maneno kumi tu. Lakini meneja wetu, Injinia Raphael, alikuwa ametuonya tusiwatie watu wasiwasi. Na nisimsingizie Raphael peke yake. Moyoni nilijiambia, huyu mama wa kijijini nitamweleza nini ataelewa? Mimi niliyesoma chuo miaka mitatu, najiona mjuzi. Nikamjibu kwa kifupi, "Ni cha wataalamu, mama. Cha vipimo."

Akaitikia kwa heshima zote, kana kwamba nimemkabidhi mtoto.

Mwezi wa kwanza nilifika asubuhi mapema, kabla Mama Loisi hajarudi kuchota maji bombani. Nikapanda jiwe, nikachungulia ndoo. Lo! Maji yalikuwa meusi. Si ya kijivu, meusi, na utando wa masizi umeganda pembeni kama sufuria ya makande iliyosahauliwa motoni. Nilishtuka. Nikapiga kelele bila kujijua, "Aka! Uchafu wote huu!"

Nikageuka, Mama Loisi amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji kichwani. Alitua ndoo yake taratibu, akaangalia chini. Nilikuwa nimeshakasirika na mabomba yetu, na mafuta yetu mabovu, nikawa nahangaika na mfuniko, nikaondoka bila hata kunywa uji aliokuwa ameupika. Niliona ameinamisha uso nikadhani ni uchovu wa kubeba maji. Kazi yangu ni kuangalia, na hilo sikuliona.

Nilipeleka matokeo kwa Injinia Raphael. Alikuwa kijana kwangu, miaka thelathini na tano hivi, shati limenyooka, maneno matamu. Akasoma, akakuna kidevu.

"Dada Joha, mwezi wa kwanza ni wa kujaribia. Ndoo ilikuwa haijazoea."

"Ndoo inazoea nini, injinia? Ni mke mpya?"

Akacheka. Akaufuta mwezi ule.

Mwezi wa pili nikafika Msanjile nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilisema moyoni, ikiwa nyeusi tena, huyu kijana atanitambua. Nikachungulia. Ndoo ilikuwa nyeupe, maji maangavu, unaweza ukanywa. Mama Loisi alikuwa amesimama pembeni, mikono ameifumbata, ananiangalia usoni kama mwanafunzi anayesubiri alama.

"Iko sawa, mwanangu?"

"Iko sawa kabisa, mama. Safi sana!"

Ungeona alivyofurahi. Aliingia ndani akanitolea mlenda wa kukausha, fungu zima limefungwa kwenye kitambaa, na karanga. Nikaondoka nimebeba zawadi, nikijiambia kwamba labda Raphael alikuwa na haki, labda mafuta ya mwezi huu yalikuwa mazuri zaidi.

Ikawa hivyo mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Nyeupe tupu. Mwezi wa nane ndio unaoniumiza kuliko yote. Mtu yeyote aliyewahi kukaa Dodoma anajua upepo wa mwezi wa nane. Unafunga dirisha, unafunika chakula, na bado unatafuna mchanga. Chombo chochote ukikiacha nje siku mbili unakikuta chekundu kwa vumbi. Ndoo yangu ilikaa siku thelathini katika upepo huo, nikaikuta nyeupe. Hata vumbi la kawaida la Mungu halikuwemo! Mtoto wa darasa la pili angeshtuka. Mimi sikushtuka. Au niseme kweli: nilishtuka kidogo, nikajitia hamnazo.

Nilimuuliza, ndiyo. "Mama Loisi, hakuna anayegusa chombo changu?"

"Nani akiguse? Hata wajukuu wakija nawafukuza. Nakitunza mwenyewe."

Nikaridhika. Nilitaka kuridhika. Mwisho wa mwaka ule kituo chetu kilikuwa cha kwanza. Cha kwanza kati ya saba! Tulifanyiwa sherehe, tukashonewa fulana, Raphael akaniita mbele ya watu akasema bila vipimo vya dada Joha tusingefika hapa. Nikapigiwa makofi. Nikavimba kichwa, sikatai. Mama yangu angekuwa hai ningempigia simu. Vichujio vikaenda vituo vingine viwili, huko mbali, na hakuna aliyelalamika. Nani atafunga kichujio kwenye bomba lisilotoa masizi?

Mwaka wa pili, Mama Loisi akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha asubuhi, halafu cha asubuhi na jioni, halafu cha kutwa nzima. Alienda zahanati, wakamwambia ni moshi wa kuni, aache kupikia kuni ndani. Na mimi nikaitikia kwa mdomo wangu mpana. "Umesikia, mama? Ni jiko hilo! Nimekwambia siku nyingi!" Nikamnunulia mtungi mdogo wa gesi, nikamletea mwenyewe, nikamfundisha kuwasha. Alikuwa anauogopa, anausogelea kwa fimbo, tukacheka sana siku ile. Lakini aliuzoea. Kuni akaziacha kabisa. Miezi sita baadaye alikuwa anakohoa zaidi.

Nilikuwa nafika Jumatatu ya kwanza, namkuta amekaa kwenye kigoda, anahema kama aliyepanda mlima, na ndoo iko juu ya kichanja, nyeupe kama maziwa. Nguo alizoanika kambani zilikuwa na madoa meusi. Mlenda aliouanika juu ya paa alikuwa anaukung'uta kila mara kabla ya kuukunja. Vyote hivyo nilikuwa naviona. Niliviona, nikachukua ndoo yangu nikaenda kupima hewa.

Tukawa wa kwanza tena mwaka wa pili. Mwaka wa tatu tulikuwa tunaelekea huko huko.

Mwezi wa tisa mwaka huu nilifika nikakuta mlango umefungwa. Jirani akaniambia amepelekwa hospitali mjini, pumzi zimembana, binti yake ndiye anayemuuguza. Niliiacha ndoo ile ile kwa kuwa niliondoka haraka kwenda kumwangalia. Nilimkuta amewekewa mpira wa hewa puani, amekonda, macho yamekuwa makubwa. Akanitambua. Akanivuta mkono, akaniambia jambo kwa sauti ndogo sana ikabidi niiname.

"Chombo chako, mwanangu. Sijakiangalia."

"Achana na chombo, mama. Upone kwanza."

"Kitachafuka."

Nikamwambia kichafuke tu. Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikitika sana. Nilidhani ni ugonjwa unaongea. Loisi, aliyekuwa amekaa chini karibu na kitanda, akampangusa jasho akamnyamazisha kwa Kigogo.

Alifariki wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi. Tulikwenda kuzika Jumamosi, mimi na kina mama wanne wa kituoni, tukabeba unga na sukari. Kijiji kizima kilikuwepo. Katekista aliomba, wanawake wakaimba, kaburi likafunikwa. Mimi nililia kuliko nilivyotarajia. Kina mama wenzangu waliniangalia, maana wananijua kwa kufoka, hawanijui kwa machozi.

Baada ya maziko nilizunguka nyuma ya nyumba nikanawe uso. Ndoo ilikuwa pale juu ya kichanja, mahali pake. Sijui kwa nini nilichungulia. Mazoea tu.

Ilikuwa nyeusi. Nyeusi kuliko ile ya mwezi wa kwanza. Maji yalishakauka, yamebaki masizi yamejikunja kama ngozi ya ng'ombe iliyokauka juani. Nilisimama pale nimeshika ukingo, kichwa kinajaribu kuhesabu na hakiwezi.

Loisi akaja nyuma yangu. Alikuwa amevaa kanga ya mama yake kichwani, macho mekundu. Alipoona ninachoangalia akashika mdomo.

"Dada Joha, tusamehe. Tusamehe sana. Na msiba huu, hakuna aliyekumbuka kuiosha."

"Kuiosha?"

"Mama alikuwa anaiosha kila unapokaribia kuja. Hospitalini alinisisitiza nisisahau, nami nimesahau. Angekuwa hai asingekubali uikute hivi."

Nikamuuliza tena, kwa upole ambao mimi mwenyewe sikuujua ninao. "Alikuwa anaiosha tangu lini, Loisi?"

"Tangu mwanzo. Anasema mara ya kwanza uliikuta chafu, ukamgombeza. Aliona aibu mno. Kwetu huwezi kumrudishia mtu chombo chake kichafu, dada, hata kama ni bakuli la kuazima chumvi. Akijua unakuja Jumatatu, Jumapili akitoka kanisani anashika mchanga na jani la kusugulia. Anasugua, anasuuza, anaweka maji mapya. Na bomba letu unalijua, maji yanatoka siku mbili kwa wiki. Yeye akichota, kwanza ya kunywa, pili ya chombo chako, ndipo ya kuoga."

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi, na nguo ya msiba. Nilikumbuka neno langu, "Aka! Uchafu wote huu!" Nilikuwa nimeyatukana mabomba yetu. Yeye alisikia nimemtukana yeye. Na miaka mitatu mwanamke yule amekuwa akinifutia ushahidi wa kinachomwingia kifuani, kwa maji yake ya kunywa, ili mimi nifurahi. Nami nilifurahi kweli. Nilimwambia safi sana.

Sikumwambia Loisi siku ile. Nisingeweza, kaburi likiwa bichi. Niliomba mfuniko, nikaifunga ndoo, nikaibeba mapajani mpaka Chamwino. Jumatatu niliipima. Ilizidi ndoo zote nyeupe za miaka mitatu ukizijumlisha pamoja.

Nikaingia ofisini kwa Injinia Raphael bila kubisha hodi, nikamwekea karatasi mezani. Akasoma. Akauliza ndoo ilitoka wapi, nikamwambia. Akauliza ilikuwa lini, nikamwambia. Akashusha pumzi kama mtu aliyeokolewa.

"Pole kwa msiba, dada Joha. Lakini hii haiwezi kuingia. Msibani watu wanapika. Meko matano, kuni siku tatu, moshi umejaa uwanja mzima. Hayo ni masizi ya ugali. Futa."

Nakwambia nilihisi kama nimepigwa kofi. Ndoo ya pili ya kweli katika miaka mitatu, nayo inafutwa kama ya kwanza, tena kwa sababu ya moto uliopika chakula cha maziko yake mwenyewe!

"Na miezi yote ile iliyooshwa, nayo tufute?" nikamuuliza. Nikamweleza yote, mchanga, jani, maji ya bomba. Nilikuwa nafoka mpaka makarani wakachungulia mlangoni.

Raphael alifunga mlango. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo ingawa roho haitaki. Alikaa, akashika kichwa. "Dada, fikiri. Ukiandika hivyo, kwanza unaniharibia mimi. Sawa, mimi si kitu. Lakini anayesaini vipimo ni wewe. Watauliza mpima mwenye uzoefu wa miaka kumi na minane alikuwa haoni? Mwezi wa nane, Dodoma, ndoo haina hata vumbi? Utajibu nini?"

"Nitajibu kwamba niliona."

Akanirudishia karatasi yangu.

Niliandika barua ile kwa mkono, kurasa tatu. Niliandika kwamba vipimo vya Msanjile vya miaka mitatu ni vya uongo, na uongo si wa marehemu, ni wangu. Kwamba niliweka chombo kwa mtu bila kumwambia ni cha nini. Kwamba ushindi wetu wa mara mbili uliandikwa na mwanamke aliyekuwa anasugua ndoo kwa mchanga. Nikaandika na hili: sisemi moshi wetu ndio uliomuua Penina Matonya. Sijui. Huenda ni kuni za miaka arobaini, huenda ni sisi, huenda ni vyote. Sijui, na kazi mliyoniajiri ilikuwa kujua.

Makao makuu walijibu baada ya wiki tatu. Kituo kimeondolewa kwenye jedwali. Pima upya mwezi mmoja, na majirani waelezwe. Vichujio vitafikiriwa vikipatikana. Mimi nipewe onyo la maandishi, na baada ya kipimo hicho nihamishiwe stoo, nikahesabu boliti na glavu. Nilikubali, wala sikufoka.

Nikaenda Msanjile na ndoo mpya. Loisi alikuwa ameacha genge lake la Majengo kwa muda, anamalizia mambo ya nyumba ya mama yake. Tulikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Nilimweleza taratibu, mwanzo hadi mwisho, kile ambacho nilipaswa kumweleza mama yake miaka mitatu nyuma. Moshi unatoka wapi, unakwenda wapi, ndoo inakamata nini, vichujio vilikwenda wapi na kwa nini. Ilichukua muda mfupi tu. Hakuna hata neno moja alilouliza maana yake. Ndivyo lilivyokuwa jambo gumu nililoona mama wa kijijini hataelewa.

Loisi alikuwa anachora ardhini kwa kijiti. Nilitamani anitukane, mimi najua namna ya kukaa na matusi.

"Kila ukiondoka," akasema mwishoni, "alikuwa anaazima simu kwa jirani anipigie aniambie. Joha amekuja, amesema chombo ni safi sana." Akafuta alichochora. "Ungemwambia unataka masizi, dada, angekulindia kila punje. Angelala nayo."

"Najua."

"Mbona hukumwambia?"

Nilifungua mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe, na halikutoka neno. Nililia tu, naye akalia, kila mtu na upande wake wa mkeka.

Kisha akainuka, akaniambia niweke ndoo yangu. Niliiweka juu ya kichanja kile kile, nikatia maji ya kimo cha kidole. Nilikuja nayo mwenyewe maji yale, kwenye chupa.

Siku thelathini zikapita. Jumatatu ya kwanza nilifika asubuhi. Kabla sijashuka kwenye pikipiki nilimwona Loisi amesimama mlangoni, ameshaishusha ndoo kwenye kichanja mwenyewe. Alikuwa ameifunika vizuri kwa mfuniko, na juu ya mfuniko ameifunga kanga ya mama yake, imezunguka mpaka chini, ili pasionekane hata ukingo.

Alinikabidhi kwa mikono miwili, uso ameugeuzia pembeni, machozi yanamtoka.

"Nisamehe, dada," akasema. "Ni chafu."

Niliipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante.